Baiskeli msituni wakati wa theluji na tope la Aprili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu njia za baiskeli za milimani zilizo ndani na kandokando ya Minneapolis na St. Paul, jimbo la Minnesota: Theodore Wirth, Lebanon Hills, Murphy-Hanrehan, na ile inayofuata Mto Minnesota kule Bloomington, ambayo sisi tunaiita Bondeni. Nimeyaandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaoishi huku, maana kila mwaka ukiingia mwezi wa tatu simu yangu huanza kuita kwa maswali yaleyale. Mimi ni mtu wa Lushoto. Baridi hii ni ya tisa kwangu, na aina zote za kuanguka kwenye barafu nimeshazijaribu.

Njia zinafungwa tarehe ngapi na kufunguliwa tarehe ngapi?

Hakuna tarehe. Anayefunga ni udongo, na udongo hausomi kalenda. Kwa kawaida tope huanza Machi na huendelea hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Katikati hapo njia inaweza kufunguliwa siku tatu, mvua ikanyesha, ikafungwa tena. Kaskazini, upande wa Duluth, husubiri zaidi yetu.

Kuna kipindi cha pili ambacho wageni hukisahau, nacho ni Novemba. Ardhi haijaganda sawasawa, usiku inashika, mchana inaachia. Uharibifu wake ni uleule wa Aprili, tofauti ni kwamba alama utakazoacha zitaganda hivyohivyo na utazipanda wewe mwenyewe majira yote ya baridi, kama kuendesha juu ya magunzi ya mahindi.

Kabla hujapakia baiskeli garini, angalia hali ya njia kwenye simu. Programu ya Trailforks huonyesha, na MORC, kundi la watu wa kujitolea wanaotunza njia nyingi za hapa, hutangaza hali ya kila njia. Simu ikisema wazi na kibao cha getini kikasema imefungwa, sikiliza kibao.

Kwetu masika tunapita kwenye tope hadi magotini na hakuna anayesema neno. Kwa nini hapa tope kidogo tu watu wananikaripia?

Swali hili hata mimi nililiuliza, tena kwa hasira. Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja alinisimamisha Lebanon Hills mwanzoni mwa Aprili akaniomba nigeuze. Nikamwambia mimi nimekulia kwenye njia za Usambara, nimeendesha kwenda Mtae mvua zikinyesha, tope hili si kitu. Hakubishana. Aliokota kijiti chembamba, akakichomeka katikati ya njia. Kikazama kama kwenye uji, urefu wa kidole cha kati, halafu kikagota: *tok*. Akakichomoa, akakisogeza hatua moja, akachomeka tena. *Tok.* Akanipa nijaribu mwenyewe. Nilijaribu mara sita, na kila mara kijiti kiligonga sakafu.

Sakafu ile ni barafu. Ardhi ya huku huganda kwenda chini kabisa. Ndiyo maana sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka msingi wa nyumba uchimbwe inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 kaskazini, ili ukae chini ya kiwango cha kuganda. Ukifika wakati wa joto, ardhi hiyo huyeyuka zaidi kuanzia juu, kwa sababu jua liko juu. Inchi chache za juu zinakuwa maji na udongo, na chini yake kuna barafu ambayo haipitishi hata tone. Ni sufuria. Maji yote ya theluji yamo ndani ya sufuria na hayana pa kwenda.

Masika ya kwetu hayana sufuria. Mvua ikikatika, maji yanazama, jua la saa sita linapiga, kesho kutwa njia imeshika. Hapa unaweza kupata siku tano za jua bila wingu na tope likabaki palepale, mpaka barafu ya chini iishe.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Barabara ya kwetu ikiharibika, litakuja greda, au wanakijiji watatoka na majembe kwa sababu gari la viazi lazima lipite. Njia hizi za msituni zina upana wa usukani wa baiskeli yako na zimechongwa na watu wanaokuja jioni baada ya kazi, na jembe na reki, bila malipo. Zimechongwa kwenye ubavu wa kilima na kuinamishwa kidogo kuelekea bondeni, ili maji yakatize na kutoka. Tairi likizama na kuacha mfereji, maji hayakatizi tena, yanafuata mfereji. Mvua ya kwanza inaukuza, ya pili inafukua mizizi, na ikifika Juni pale pana korongo. Baiskeli moja haileti korongo, ni kweli. Ila Jumamosi yenye jua hapa huja watu mia, na kila mmoja anajiambia yeye ni mmoja tu.

Ukitaka kujua kwamba hawakuonei wewe, fahamu kwamba wakati huohuo serikali ya jimbo hupunguza uzito unaoruhusiwa kwa malori kwenye barabara nyingi. Sababu ni hiyohiyo: chini pameganda, juu pamelegea, na lami inapasuka.

Lakini juu pamekauka kabisa, hata vumbi naliona. Bado tu?

Inawezekana bado. Ngozi ya juu hukauka kwa upepo na kuficha kilicho chini. Ukiikanyaga inabonyea kama godoro, ukiinua mguu inarudi. Hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu tairi la mbele litapita vizuri, la nyuma lenye uzito wako litapasua ngozi.

Kuna kitu kingine kinachoumua udongo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba udongo unapoganda hunyonya maji mengine kutoka chini, yakajipanga kama tabaka za barafu zinazonyanyua ardhi. Asubuhi utaona sindano za barafu zimesimama, kila moja imebeba chembe ya udongo kichwani. Waliopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya wanazifahamu: usiku ardhi inaganda, alfajiri ukitoka kambi ya Barafu inalia *kwaru kwaru* chini ya buti, saa tano mchana mahali pale pale ni rojo. Kule juu hutokea karibu kila siku mwaka mzima. Hapa hutokea kwa wiki kadhaa, halafu sindano zikiyeyuka huacha udongo uliojaa matundu, umelegea, hauna nguvu. Unahitaji muda ujikalie wenyewe.

Nitajuaje mwenyewe bila kuambiwa na mtu?

Kijiti cha yule mzee ni kipimo kizuri. Kama huna kijiti, tumia buti: kanyaga kwa kisigino, kisha tazama. Kisigino kikiacha shimo lenye kung'aa maji, rudi garini. Kikiacha alama kavu ya kawaida, endelea kwa uangalifu. Ukiwa tayari umo njiani, geuka utazame nyuma kila baada ya dakika chache. Kama alama ya tairi lako inaonekana kama imechorwa kwa rangi, sawa. Kama imechimbwa, geuza. Na tope likianza kujiviringisha kwenye tairi mpaka linagusa fremu, hilo halihitaji hata swali.

Usiamini mita mia za mwanzo. Sehemu ya kuegesha magari huwa iko wazi juani, njia inaingia kivulini. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatukuzoea kufikiria hili, kwa sababu kwetu jua linapita karibu na utosi. Huku, mwezi wa pili na wa tatu, jua linapita chini upande wa kusini. Kilima hichohicho, ubavu unaotazama kusini unaweza kuwa mkavu na ubavu unaotazama kaskazini ukawa bado na theluji. Kwa hiyo unaweza kuanza kwenye vumbi, ukapita tope, ukamalizia kwenye barafu, safari ya nusu saa.

Nimesikia kuna watu wanaendesha alfajiri hata wakati wa tope. Ni ruhusa?

Usiku ukishuka chini ya nyuzi sifuri vya kutosha, lile tope hushika tena na kuwa gumu kama saruji. Kwenye njia ambazo wasimamizi wanaruhusu, unaweza kuendesha saa 12 asubuhi hadi karibu saa 3, kisha unatoka kabla jua halijapanda. Ni saa tamu sana, mimi nazipenda kuliko hata Julai. Ila mambo mawili. Kwanza, kama njia imetangazwa kufungwa, imefungwa, hata iwe ngumu kama chuma. Pili, watu hukosea hesabu ya kurudi. Wanaenda mbali, wanapiga picha, wanakunywa chai ya chupa, saa nne inawakuta upande wa pili wa kilima na njia imeshaanza kulegea. Panga uwe umemaliza, usipange uwe unarudi.

Usidanganyike na usiku mmoja wa nyuzi 1 chini ya sifuri. Hiyo inagandisha ganda la juu tu, utalivunja kama kaukau.

Na wakati theluji ipo, njia hufungwa?

Hapana, na hapa wengi hushangaa. Januari ni wakati mzuri wa kuendesha. Wastani wa joto la mchana Minneapolis mwezi huo ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri, usiku kama 13 chini. Ardhi imekuwa mwamba, tairi haliwezi kuiumiza. Theluji ikishashindiliwa inakuwa njia nyororo, imejaza mashimo yote, mizizi na mawe yamefunikwa. Theodore Wirth na penginepo huvuta mashine ya kushindilia, na kwingine watu wa kujitolea hupita na viatu vya theluji.

Kinachoharibika majira haya ni ule mshindilio. Kanuni zake:

Theluji ikianguka usiku, ngoja ishindiliwe na ishike, mara nyingi saa kadhaa au usiku mzima. Kama tairi linachora mtaro wenye kina cha inchi moja au zaidi, au huwezi kwenda mstari ulionyooka, teremka urudi. Usitembee na buti tupu kwenye njia ya baiskeli iliyoshindiliwa. Kila hatua ni shimo, na shimo likiganda linabaki wiki. Usiingie kwenye njia za ski zenye mifereji miwili. Wale jamaa wa ski ni wapole mpaka uguse mfereji wao.

Siku ambayo joto linapanda juu ya sifuri, yaani Farenihaiti 32 kwenye vibao vya hapa, theluji inakuwa kama ugali wa moto. Mtaro utakaochimba saa nane mchana utaganda saa mbili usiku, na kesho yake mtu ataingiza gurudumu la mbele humo na kuruka juu ya usukani. Mimi nilikuwa mtu huyo, na kidole gumba changu cha kushoto hadi leo kinatabiri mvua.

Angalizo moja: theluji ni blanketi. Ikianguka nyingi mapema, Novemba kwa mfano, kabla ardhi haijaganda, huizuia kuganda. Utaona weupe juu ukadhani uko salama, kumbe chini ni laini. Vunja kidogo kwa kisigino utazame rangi. Ukiona udongo umetokeza, hapafai.

Baiskeli yangu ya kawaida ya milimani inatosha, au lazima ninunue ya matairi mapana?

Kwenye theluji iliyoshindiliwa sana na kukaa siku kadhaa, tairi la inchi 2.4 linapita. Kwenye theluji laini halipiti, linakata kama kisu kwenye siagi. Sehemu nyingi zenye njia zilizoshindiliwa kwa mashine huomba matairi ya inchi 3.8 au zaidi, na wanasema kweli.

Hii baiskeli ya matairi mapana, tunaiita *fatibaiki* kwa sababu hata wenyewe hawana jina jingine, ina asili mbili. Huko Alaska, tangu mashindano ya theluji ya miaka ya 1980, watu walikuwa wanaunga ringi mbili ziwe moja ili kupata upana. Jangwani New Mexico wengine walikuwa wanafanya hivyohivyo kwa ajili ya mchanga. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi madukani, Surly Pugsley, ilitoka mwaka 2005, na Surly ni kampuni ya hapahapa Bloomington. Kwa hiyo ukiona kila mtu wa tatu ana moja, ujue uko nyumbani kwake.

Usinunue mpya. Kila Aprili watu wanaziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu wamechoka na baridi, na kila Novemba bei inapanda tena. Azima kwanza, au kodi siku moja.

Niweke upepo kiasi gani kwenye tairi pana?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kwa mtu wa kilo 75 hadi 85 mimi husema anza na psi 8 kwenye theluji ngumu, shuka 6, theluji laini hata 4. Tairi likikaa vizuri utaona ubavu wake umejikunja mikunjo midogo ya uzee. Watu waliotoka kwenye baiskeli za mjini huona aibu kuendesha tairi linaloonekana limepata pancha. Iache aibu garini.

Sasa sikiliza jambo linalowasumbua wengi. Ukijaza psi 8 sebuleni kwenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, tairi halina tena psi 8. Litakuwa na kama 5 tu, bila kuvuja popote. Hewa ikipoa husinyaa, na kwa tairi lenye upepo mdogo kiasi hiki upungufu huo ni theluthi nzima. Kwa hiyo pima nje, baiskeli ikiwa imekaa nje angalau nusu saa. Nunua kipimo cha psi ndogo. Kile cha pampu ya gari kinachoanzia 10 hakikusaidii kitu.

Barafu tupu je?

Hapo upana hausaidii. Kinachosaidia ni matairi yenye misumari midogo ya kabaidi ya tangsteni. Ni ghali, jozi moja inaweza kufikia bei ya baiskeli nzuri ya mtumba, lakini bei ya nyonga ni kubwa zaidi. Kama fedha ni ya tairi moja, weka la mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unacheza dansi kidogo, la mbele likiteleza uko chini kabla hujasema "mama".

Mwisho wa Februari ndio wakati wa barafu tupu, theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku. Chini ya miti utaona njia inang'aa kijivu. Usifunge breki hapo, usikate kona, acha baiskeli ipite yenyewe.

Nivae nini?

Kosa la Waswahili ni kuvaa sana. Tunaogopa baridi, tunavaa koti la kusubiria basi, dakika kumi baadaye tumeloa jasho, na jasho likipoa ndilo linaloua. Toka garini ukiwa unahisi baridi kidogo. Kwenye ngozi vaa kitambaa cha sufu au cha michezo, usivae pamba. Juu yake vaa kitu chembamba kinachozuia upepo.

Mikono na miguu ndiyo shida. Kuna mifuko minene inayofungwa kwenye usukani, unaingiza mkono humo pamoja na breki na gia. Ukiwa nayo, glavu nyepesi zinatosha hata siku kali. Miguuni, buti pana zenye nafasi ya vidole kucheza. Soksi mbili kwenye kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja.

Na upepo uuhesabu. Nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 28 chini, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Ukiteremka kilima, wewe mwenyewe ndiye upepo. Ncha ya pua na masikio ikifa ganzi, au kwa ngozi zetu ikibadilika rangi kuwa kama majivu na kuwa ngumu, usisugue. Ifunike, ingia ndani.

Baiskeli yenyewe inastahimili baridi?

Kiasi. Breki za mafuta huwa nzito kwenye baridi kali, hasa zile za mafuta ya madini. Shoki za mbele hukakamaa, wengine hufunga uma usio na shoki kabisa. Grisi ya kitovu cha gurudumu la nyuma ikiwa nzito, meno ya ndani hayashiki na unapiga pedali hewani. Mpelekee fundi aweke nyepesi kabla ya Desemba. Betri ya taa na ya simu huisha haraka, kwa hiyo simu ikae kifuani. Chupa ya maji ipindue kichwa chini, maana huanza kuganda juu, na mdomo ukiwa chini utabaki wazi muda mrefu zaidi. Mimi hubeba chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto na nimewaharibu Wamarekani watatu kwa ladha hiyo.

Ukiegesha ndani ya nyumba yenye joto kisha ukatoka tena, unyevu unaingia kwenye nyaya na kuganda. Iache varandani au gereji isiyo na moto.

Naona watu wanaendesha juu ya ziwa. Niwafuate?

Idara ya maliasili ya jimbo inasema barafu mpya, safi, angavu, iwe na unene wa inchi 4 ndipo utembee juu yake. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ina nusu ya nguvu hiyo. Karibu na madaraja, midomo ya mito na mahali maji yanapoingia huwa nyembamba hata Januari. Mwezi wa tatu, mimi siingii ziwani hata nikiona gari limeegeshwa juu yake. Ikiwa lazima uende, nenda na mwenyeji, ning'iniza shingoni misumari ya kushikia barafu ili ujivute nje ukitumbukia, na usiende na mtoto.

Nimeingia, nimekutana na dimbwi katikati ya njia. Nizunguke?

Usizunguke. Pita katikati, polepole, au shuka uisukume katikati hapohapo. Kila anayezunguka anapanua njia, na mimea ya pembeni inakufa. Dimbwi moja si kosa. Ukikutana na la tano, njia inakuambia urudi.

Wiki hizo za kufungwa nifanye nini? Nitaoza nyumbani.

Midtown Greenway, kilomita karibu 9 za lami inayokatiza mji, hulimwa theluji na iko wazi. Barabara za changarawe za vijijini ni nzuri asubuhi. Bondeni, kwa kuwa ni tambarare na sehemu nyingi ni kichanga, hukauka haraka kuliko vilima, ila mto ukifurika njia yote inaingia majini na mafuriko hutokea majira hayohayo. Ukiwa na gari na muda, nenda Cuyuna, mwendo wa saa mbili na nusu kaskazini, kwenye machimbo ya zamani ya chuma. Udongo wake ni mwekundu na wa mawemawe, unachuja maji vizuri. Ukirudi utakuwa na rangi ya mtu aliyetoka Tanga kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Hata huko, angalia kwanza kama pamefunguliwa.

Na kuna siku za kazi za kujitolea. Wanatoa jembe, glavu, na mara nyingi pizza. Nilipokwenda mara ya kwanza walinipa kipande cha njia cha mita tano nikirudishie mwinamo wake. Kilinichukua saa tatu na mgongo wote. Nilipoinuka, nilimtazama kwa jicho jingine kabisa kila mtu aliyekuwa anapita na tairi lenye tope.

Chumvi ya barabarani inakula baiskeli?

Inakula. Cheni inaweza kushika kutu usiku mmoja. Maji ya vuguvugu kidogo, kitambaa, kausha, mafuta ya cheni. Usitumie mashine ya maji ya kasi inayooshea magari, inasukuma chumvi ndani ya bearingi.

Siku ya kwanza njia zikifunguliwa nitegemee nini?

Majani makavu yaliyoficha mizizi, miti iliyoangushwa na theluji, na umati. Nenda siku ya kazi badala ya Jumamosi. Punguza mwendo kwenye kona unazozijua, kwa sababu baridi imezibadilisha: jiwe lililokuwa upande huu linaweza kuwa limesukumwa upande ule. Ukikuta mti umelala njiani, piga picha uwatumie wasimamizi, usitengeneze njia ya kuuzunguka.

Halafu kupe. Wanaamka mara tu theluji inapoondoka, na wale wadogo wenye miguu myeusi, kupe wa kulungu, hubeba ugonjwa wa Lyme. Hawana ukubwa wa kupe wa ng'ombe tuliowazoea. Mtoto wao ni kama mbegu ya mchicha. Kagua nyuma ya magoti, kwapani na chini ya mshipi wa suruali kabla hujaingia kwenye gari.